Pua ya Mama Mwonjaji

Hakuwahi kuingia dukani kwetu moja kwa moja. Alisimama kwanza mlangoni, mkoba mweusi kaubana kwapani, akafumba macho, akavuta pumzi moja ndefu kwa pua. Hapo ndipo aliposema hodi. Sisi tulikuwa tumeshamwona tangu anavuka barabara, lakini hakuna aliyethubutu kumkaribisha kabla hajamaliza. Siku nyingine aliishia pale pale kizingitini.

"Kuna mtu humu kajipulizia marashi," alisema. "Nitakuja kesho."

Na kweli aligeuka, akapita katikati ya pikipiki na mikokoteni, akarudi kwake mtaa wa Gerezani kwa miguu. Mjomba alibaki akitutazama mmoja mmoja ili amjue mwenye kosa. Mwenye kosa, mwaka wangu wa kwanza pale, mara nyingi nilikuwa mimi.

Duka lilikuwa la mjomba wangu, duka la jumla la vinywaji, Mchafukoge, dakika chache tu kutoka Kariakoo. Mtaa ulimwita Mangi, kama unavyomwita kila Mchaga mwenye duka. Mimi, binti wa dada yake, nilitoka kwetu Moshi nikiwa na cheti cha biashara na haraka ya kuyajua mambo yote, nikawekwa kaunta. Yeye tulimwita Mama Mwonjaji. Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitumia akiwa karibu na sitaanza leo akiwa mbali.

Kazi yake ilikuwa pua. Kwa miaka mingi aliajiriwa kwenye kiwanda cha pombe kali hapa mjini, katika chumba cha kuonjea, ambako hakuna pipa lililoruhusiwa kutoka kabla yeye na wenzake hawajalikubali. Alipostaafu, wafanyabiashara wakaanza kumfuata. Mtu akiletewa katoni za wiski na hana uhakika kama ni halisi au zimechakachuliwa, alimwita Mama Mwonjaji. Mtu akitaka kujua kama kinywaji kipya kinastahili bei yake, alimwita Mama Mwonjaji. Malipo yake yalikuwa nauli, ambayo hakuitumia kwa kuwa alitembea, na soda moja ya machungwa.

Ile soda ilinishinda kuielewa. Mtu mwenye uwezo wa kukwambia pipa lilitengenezwa kwa mti gani alikuwa akinywa soda ile mpaka tone la mwisho, analamba na midomo.

"Mama," nilimwambia siku moja, "hiyo haijawahi hata kuonana na chungwa."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana inanipumzisha. Wala haijifichi."

Alikuwa na mengi ya namna hiyo yasiyopatana. Ulimi wake ulitambua tone la maji ya bomba ndani ya kikombe cha wiski, lakini chakula chake kilikuwa hakiliki. Nilikaribishwa kwake mara tatu, chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili juu ya gereji, na mara zote tatu nilikula maharage yenye chumvi ya kutosha familia nzima. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi kila siku, na hapo hapo alikuwa anaijua pombe kuliko mlevi yeyote wa jiji hili. Walevi wenyewe hakuwapenda hata kidogo. Akimwona mtu anayumba saa sita mchana alisonya na kusema, "Huyo hajawahi kuonja kitu." Nyumbani kwake hapakuwa na chupa hata moja.

Alikuwa pia hajui kusema uongo wa heshima. Krismasi moja mjomba alirudi kutoka Kilimanjaro na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyopikwa na mkewe, shangazi yangu, akammiminia huyu mama kibuyu kizima kwa furaha. Mama Mwonjaji alionja, akakiweka chini.

"Aliyepika hii alikuwa na hasira," akasema. "Ulezi kauchachua kwa pupa. Mmegombana?"

Mjomba aliangalia dari. Walikuwa wamegombana wiki nzima.

Kuonja kulikuwa saa nne asubuhi. Kabla ya hapo, alisema, pua bado imelala, na baada ya hapo muuza chipsi wa jirani anakuwa ameshawasha mafuta. Alikuja na mihogo ya kuchemsha isiyo na chumvi, ameifunga kwenye kitambaa, na vikombe vyake mwenyewe vidogo vya kahawa. Alimimina kidogo, akafunika kwa kisahani, akakaa. Hakuna aliyeongea. Kisha alifunua na kunusa akiwa ameacha mdomo wazi kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza swali. Alidondoshea tone kiganjani, akasugua viganja, akanusa tena: kwanza ukali uliondoka, ikafuata nafaka, mwisho pipa. Baada ya hapo ndipo alipoonja, na alichoonja alikitema kwenye kopo la maziwa ya unga. Kipande cha muhogo. Matone mawili ya maji. Anarudia tangu mwanzo.

Hukumu yake haikuwa ya shilingi. Hakuna siku aliyotaja bei. Alikuwa na vipimo vyake, na mjomba peke yake ndiye aliyejua kuvigeuza kuwa bei ya dukani. "Hii ni ya kumpokea mkwe," alisema, na mjomba aliipandisha rafu ya juu. "Hii ni ya msiba wa mtu mliyenuniana naye." Hiyo ilikwenda rafu ya chini. Kulikuwa na "ya kuagia bosi", kulikuwa na "ya vijana waliopata mshahara wa kwanza", na kulikuwa na moja iliyomfanya mjomba arudishe katoni zote kwa aliyezileta siku hiyo hiyo: "Hii ni ya kusafishia vioo, Mangi, na vioo vyenyewe viwe vya gari bovu."

Nikimkumbuka sana, huwa ninakumbuka wiski ya moshi.

Mjomba alikuwa na rafiki, Mhindi muuza vitambaa mtaa wa pili, ambaye alimshawishi aagize wiski kutoka India. Si zile za bei ya chini ambazo kila baa inazo. Hii ilikuwa ya shayiri tupu, imepikwa kiwanda kimoja, ikalazwa kwenye mapipa, na ndani yake ilikuwa na moshi. Mjomba aliikubali bila kuionja kwa sababu rafiki yake aliisifia mpaka machozi yakamlenga. Katoni zikafika kutoka bandarini, tukazipanga, wateja wakaanza kuja. Wote walisema kitu kimoja.

"Wiski ya Kihindi kwa bei hii? Mangi, umepigwa."

Baada ya wiki tatu hatukuwa tumeuza hata chupa kumi. Mjomba alionja moja mwenyewe jioni moja, akatema. "Inanuka hospitali," akasema. Kesho yake nilitumwa Gerezani kumwita Mama Mwonjaji.

Alikuja, akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akaingia. Akafanya mambo yake yote. Alipofunua kisahani na kuinamisha uso, alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Nilidhani amepitiwa na usingizi.

"Mama, vipi?" mjomba akauliza. "Mbaya sana?"

"Subiri kwanza, Mangi."

Akanusa tena. Akaonja. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutema. Alimeza.

"Dari la mama yangu," akasema.

Alikuwa anatoka milimani huko Kusini, upande wa Mbinga, na hayo tu ndiyo niliyokuwa nayajua kuhusu kwao kwa sababu alikuwa hataki kuulizwa. Siku ile alisema bila kuulizwa. Jikoni kwa mama yake mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya moto, mwaka mzima yakivuta moshi, na dari la mianzi liligeuka jeusi likang'aa kama limepakwa rangi. Mvua za baridi zikianza, dari lile lilitoa harufu. Haikuwa ya kuni wala ya masizi tu. Ilikuwa tamu, kama dawa, kama udongo, kama nyama ya jana. Mama yake alipofariki, kaka yake alilibomoa jiko lile akajenga la matofali na bati.

"Ni zuri," akasema. "Lina hata bomba la kutolea moshi. Nilipoliona nikamwambia kaka hongera, nikarudi Dar, sijaenda tena." Akaangalia kikombe. "Nilijua ile harufu haipo tena duniani. Kumbe wameiweka humu."

Mjomba, ambaye alikuwa na katoni ukutani, alikohoa kidogo. "Sasa, dada... ni ya daraja gani?"

Alifikiri. Ni mara ya pekee niliyomwona akitafuta maneno.

"Hii si ya mkwe," akasema. "Si ya bosi. Hii mtu anakunywa akiwa anamkumbuka mtu. Iweke juu kabisa, na usimbembeleze yeyote ainunue."

"Lakini ni ya Kihindi!"

"Na wewe ni wa Kibosho, mbona tunanunua kwako?"

Asubuhi ile alinieleza habari za moshi wenyewe. Kuna nchi za baridi, alisema, ambako majani hufa kwenye maji, yanalala humo miaka na miaka, yanageuka udongo mweusi unaoweza kuwaka. Watu wanauchimba, wanaukausha, wanauchoma chini ya shayiri mbichi, na shayiri inavuta ule moshi. Wahindi huagiza shayiri ambayo imeshavuta moshi, kisha wanaipika kwao na kuilaza kwenye mapipa katika joto la kwao. Joto linalifanya pipa lipumue haraka. Sehemu kubwa inapotea hewani, na inayobaki inaiva mapema. "Kwa hiyo usikodolee macho miaka iliyoandikwa kwenye chupa," akaniambia. "Miaka ya jua si sawa na miaka ya barafu. Mtu wa Dar anajua hilo, akitazama rangi ya nyumba yake tu."

Kisha akanigeukia. "Wewe umesikia nini kwenye kikombe?"

"Inachoma, mama."

"Hata pasi inachoma. Unatoka Moshi na moshi huujui?"

Akanishika mkono, tukaenda Kariakoo. Nimefanya kazi karibu na soko lile miaka mingi, lakini siku ile ndiyo niliyolinusa. Alinisimamisha mbele ya samaki waliokaushwa kwa moshi, akamwomba muuzaji radhi, akaniinamisha kichwa. Akanipeleka kwenye sukari guru, nikaikwaruza kwa ukucha. Kwenye karafuu, kwenye ngozi za viatu, kwenye maembe yaliyoiva kupita kiasi ambayo mama mmoja alikuwa anataka kuyatupa. Akanirudisha kwa njia ya Gerezani, nikanusa kamba zilizolowa lami, nikanusa tairi jipya, na mafundi wakatucheka. "Mama, mnatafuta mpenzi wa mpira?" mmoja akapiga kelele. Yeye hakujali. Tulipofika dukani akanipa kikombe kile kile.

Nikafumba macho. Nikanusa. Na vyote vilikuwemo, vimekaa kwa zamu: samaki, sukari guru, embe, kamba ya lami, na kwa mbali kabisa dawa ya kidonda. Nilianza kucheka peke yangu kama mwehu.

"Karibu," akasema Mama Mwonjaji.

Lakini katoni zilikuwa bado ukutani. Siku chache baadaye alikuja kijana mmoja mtanashati, mnunuzi wa hoteli ya kando ya bahari, na mjomba akaona huu ndio wokovu. Mama Mwonjaji alipanga vikombe vitatu bila lebo. Viwili vilikuwa na wiski za Uskoti zinazojulikana, cha tatu kilikuwa na ile yetu.

"Shikamoo, mama," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Usiulize kitu. Onja, uniambie ungekaa na kipi."

Kijana alikuwa na ulimi, hilo sitamnyima. Alionja taratibu, akarudia, akaenda cha tatu, akarudi cha tatu tena. "Hiki," akasema. "Hiki kina maneno."

Mjomba akaleta chupa, uso umemjaa tabasamu. Kijana akaisoma lebo. Nikaona uso wake unafungwa kama mlango.

"Aisee, hapana," akasema. "Wateja wangu watanicheka."

"Wateja wako hawapo hapa," akasema Mama Mwonjaji. "Nimekuuliza wewe."

"Mama, nakuheshimu. Lakini kwenye hoteli watu wananunua jina."

"Basi ulipokuwa umefumba macho ulikuwa mtu mzima. Umefumbua, umekuwa mtoto."

Kijana aliaga kwa adabu akaondoka. Mjomba alikaa chini juu ya kreti la bia, akajishika kichwa. Na hapo alisema jambo ambalo najua alilijutia, kwa sababu si mtu wa namna hiyo.

"Tuseme tu ni ya Ulaya. Nani atajua? Tutaimimina kwenye chupa nyingine, lebo hawaioni."

Mama Mwonjaji alikuwa anafunga vikombe vyake kwenye kitambaa. Hakupaza sauti.

"Ukifanya hivyo, Mangi, hutaniona tena mlangoni pako. Mimi sikuja kukwambia inafanana na ya watu. Nimekwambia ni nzuri, yenyewe. Ukilificha jina lake, umesema haifai."

Akaondoka bila kunywa soda.

Mjomba hakulala vizuri, shangazi aliniambia. Asubuhi alikuja na uamuzi. Alifungua chupa moja, akaiweka kaunta, lebo ikitazama mlangoni, akanikabidhi. "Wewe ndiye uliyenusishwa soko zima," akasema. "Haya, uza."

Niliuza kama Mama Mwonjaji alivyonifundisha. Sikusema nzuri, sikusema tamu. Nilimwambia mtu, "Nusa, kuna samaki wa moshi, halafu subiri, inakuja sukari guru." Wengine walinicheka. Wengine walinusa ili wanikomeshe, wakanyamaza. Fundi wa treni aliyestaafu alisimama pale robo saa nzima na kikombe puani, akasema kinamkumbusha karakana, akanunua chupa akaifunga kwenye gazeti kama mtoto mchanga. Akaja daktari. Akaja padri mmoja, ambaye aliniomba nisimtaje, na simtaji. Ilichukua miezi, lakini ukuta ulibaki mtupu na mjomba akaagiza nyingine. Hata yule kijana wa hoteli alirudi, bila tai, Jumamosi mchana.

"Si kwa ajili ya hoteli," akasema haraka haraka. "Ni ya baba. Anaumwa, hana hamu ya kitu. Nataka nimnusishe hii."

Nilipomsimulia Mama Mwonjaji, aliniuliza jambo moja tu. "Alinunua akiwa anaangalia lebo?"

"Aliishika mkononi, mama."

"Basi amekua."

Ingekuwa vizuri nikiishia hapo, lakini nisingekuwa nimemweleza. Mtu huyu aliyekuwa hakosei, alikosea, na namna alivyokosea ndiyo inayonifanya nimheshimu kuliko alipokuwa sahihi.

Kulikuwa na mfanyabiashara mdogo Kariakoo, mtu wa Masasi, aliyekuwa na kibanda cha vinywaji karibu na maduka ya nguo. Mteja wake mmoja alilalamika, akapeleka chupa kwa Mama Mwonjaji. Alionja, akasema imechakachuliwa. Neno lake lilikimbia sokoni kabla ya jua kuzama. Ndani ya wiki mbili yule mtu wa Masasi alikuwa anauza maji na biskuti tu, na mkewe alikuwa anatazama chini akipita. Ndipo muagizaji mwenyewe akaja na makaratasi yake na chupa za shehena ile ile, zikapelekwa kupimwa, ikaonekana ni halisi kabisa.

Hakuna aliyemtaka Mama Mwonjaji afanye kitu. Mjomba alimwambia apumzike, watu watasahau. Asubuhi iliyofuata alinipitia dukani. Alikuwa amevaa gauni la kanisani.

"Nisindikize," akasema.

Tulifika Kariakoo wakati umati umejaa. Alimwomba yule mtu wa Masasi kreti, akalipindua, akanishika bega, akapanda juu yake, mama wa umri ule, na viatu vyake vya misa.

"Jamani!" akaita. Watu wakageuka. "Mnanijua. Nilisema bidhaa ya huyu baba ni feki. Nilikosea mimi. Bidhaa yake ni halali. Hakuchakachua. Aliyeharibu ni mimi. Mkimnyima biashara, mnamnyima kwa kosa langu."

Kijana mmoja akapiga makofi kwa kejeli, mwenzake akamzaba kibao cha kisogoni. Yule mtu wa Masasi alikuwa analia waziwazi. Alimshusha kwenye kreti kwa mikono yake miwili, akasema, "Mama yangu, yameisha. Yameisha kabisa." Mama Mwonjaji akatikisa kichwa kama mtu ambaye kwake hayakuisha.

Njiani kurudi tulifika kwenye kivuli cha jengo moja. Akasimama.

"Haipo," akasema.

"Nini, mama?"

"Pua. Tangu nilipougua homa mwaka jana. Ilianza kwenda kidogo kidogo. Nilikuwa naonja kwa kukumbuka. Naangalia rangi, nasikia ulimi, nyingine naijazia mwenyewe. Nikaona aibu kusema." Aliushika mkoba wake kwa mikono yote. "Zamani nilikuwa nawaambia wenzangu kiwandani, asiyesikia harufu leo akae nje. Nami nikashindwa kukaa nje."

Nilimwambia labda itarudi, hospitali wana dawa. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyepoteza.

Hakurudi tena dukani kuonja. Alikuja mara mbili tatu kutusalimia. Aliingia moja kwa moja, bila kusimama mlangoni, na hilo liliniuma kuliko chochote. Siku ya mwisho nilikuwa nimejipulizia marashi, mengi, na hakusema kitu. Kisha akaacha kuja. Nilipopanda kwake nilikuta familia nyingine. Wakaniambia mama yule amehamia kwa binti wa dada yake, Mbagala, hawana namba.

Mjomba amezeeka, duka sasa naliendesha mimi. Watu huniletea chupa nizinuse. Ninafanya ninavyoweza, saa nne asubuhi, kwa mihogo isiyo na chumvi. Kila nikifunua kikombe cha ile ya moshi huwa natamani awe amekaa upande wa pili, aniulize nimesikia nini, nikosee, anicheke.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilikuwa kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani, mchana, jua limesimama, ninatoka kuangalia mzigo. Alikuwa amekaa kwenye benchi na begi kubwa la nailoni, lile la shangazi kaja, amekonda, kitambaa cheupe kichwani. Pembeni yake msichana mmoja wa nyumbani kwao alikuwa kwenye foleni ya tiketi.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama muda, kisha uso wote ukafunguka. "Marahaba! Binti wa Mangi! Umenenepa, unakula nini?"

Tukakumbatiana. Akaniambia wanaelekea stendi ya mabasi ya mkoa, kesho watakuwa Mbinga. Kaka yake ni mgonjwa, amemwita. Safari hii haendi kutembea, anaenda kukaa. Tukaongea habari za mjomba, za yule mtu wa Masasi ambaye sasa ana duka la milango miwili, za mtaa. Nilitaka kumwambia mambo mengi na yote yalinitoka mdomoni yakiwa madogo.

Msichana akarudi na tiketi, akasema basi linakuja. Mama Mwonjaji akamwambia atangulie na begi. Akanivuta karibu kwa mkono, akashusha sauti, na nikaona anaona haya, yeye ambaye alisimama juu ya kreti mbele ya Kariakoo nzima.

"Nikuombe kitu," akasema. "Hawa watoto siwezi kuwauliza, wataniambia la kunifurahisha. Ninaoga kila siku, mara mbili, lakini sijui. Miaka sasa sijui. Nakwenda kukaa na watu ambao hawajaniona muda mrefu." Akatazama huku na huku. "Mimi nanukaje?"

Nikasita.

"Usinidanganye," akasema. "Nimekufundisha mimi."

Niliinama, watu wakitupita kushoto na kulia, nikaweka pua yangu shingoni mwake chini ya kitambaa. Nilifumba macho. Nilivuta pumzi polepole, nikaacha mdomo wazi kidogo, nikasubiri kila kitu kije kwa zamu yake. Nilirudia mara ya pili ili niwe na uhakika.

"Sabuni ya mche," nikamwambia. "Mafuta ya nazi, ya kupika nyumbani, si ya dukani. Nguo iliyokaa kwenye sanduku. Na jasho kidogo, mama. La leo."

"La leo tu?"

"La leo tu."

Akashusha pumzi. Mabega yake yote yakashuka nayo. Akanipapasa shavu kwa kiganja kikavu, akajitengeneza kitambaa kichwani, akaenda kupanda basi.